Debian isiwaachie matapeli kazi ya kusambaza pochi za kripto

Mtu wa Kigoma anayetaka kuweka pochi ya Bitcoin, yaani programu ya kutunza na kutuma sarafu hiyo ya kidijitali, kwenye kompyuta yenye Debian hukutana na jambo la ajabu mapema kabisa. Mfumo endeshi huo una ghala la programu zaidi ya 60,000, zimetiwa saini na kila moja inapatikana kwa amri moja. Kuna michezo ya chesi, kuna programu za kuchora ramani za nyota, kuna vihariri vya maandishi vya zamani ambavyo sijui nani bado anavitumia. Lakini Bitcoin Core, programu mama ya mtandao wa Bitcoin, kwa miaka mingi imewekwa kwenye tawi la maendeleo liitwalo Sid na kuzuiwa isiingie kwenye toleo thabiti. Electrum, pochi nyepesi isiyohitaji kupakua historia yote ya Bitcoin na inayopendwa na wengi, ilikuwamo kwenye Debian 12, ila ilikuwa ya tawi la 4.3. Debian hiyo ilipotoka Juni 2023, waandishi wa Electrum walikuwa wameshatoa 4.4.

Basi mtu huyo anafanya nini? Anafungua kivinjari, anaandika jina la pochi na kubofya kiungo cha kwanza, ambacho mara nyingi ni tangazo lililolipiwa. Au anauliza kwenye kundi la WhatsApp na kutumiwa faili na mtu ambaye hajawahi kuonana naye. Debian imejengwa tangu 1993 ili mtumiaji asihitaji kuokota programu mitandaoni. Kwenye kripto inamfikisha hapohapo, tena kwa aina ya programu ambayo ikiwa bandia inaondoka na hela yote.

Ninachosema ni kwamba mfumo endeshi huria ukikaa kimya kuhusu kripto unakuwa umeshachagua upande, na upande wenyewe ni wa matapeli. Hata hivyo, kujaza pochi ghalani bila mpango ni kosa kubwa zaidi. Kazi inayotakiwa iko katikati, na sehemu kubwa yake haihusu pochi kabisa.

Tuwatendee haki kwanza waliokataa Bitcoin Core iingie kwenye toleo thabiti, maana walikuwa na sababu nzito. Februari 2013 lilitoka toleo la 0.8 la programu ya Bitcoin. Hifadhidata ya ndani ilibadilishwa: Berkeley DB ikaondolewa, ikaingia LevelDB. Hakuna aliyekusudia kugusa kanuni za sarafu. Lakini usiku wa kuamkia Machi 12, bloku moja kubwa, yaani fungu la miamala, ilipita salama kwa waliokuwa na 0.8, ikakataliwa na wengi waliobaki na matoleo ya nyuma. Berkeley DB ilikuwa na kikomo cha idadi ya kufuli inazoweza kushika kwa mpigo, na bloku hiyo ilivuka kikomo. Kwa miaka yote hiyo kikomo cha hifadhidata kilikuwa kanuni ya fedha bila mtu yeyote kukiandika kuwa kanuni. Kwa saa kadhaa dunia ilikuwa na leja mbili za Bitcoin, yaani daftari mbili za miamala, hadi wachimbaji (wenye kompyuta zinazoongeza bloku mpya) waliokuwa na nguvu waliporudi kwenye 0.7 kwa makusudi ili leja moja ife.

Sasa kisa hicho kiweke kando ya desturi ya Debian. Sera yake inataka maktaba moja ya programu itumiwe na programu zote zinazoihitaji, ili kasoro ikipatikana irekebishwe mara moja na wote wapone. Kwa programu za kawaida hiyo ni busara. Kwa Bitcoin maana yake ni kwamba mtunzaji wa LevelDB ndani ya Debian, kwa nia njema kabisa, anaweza kurekebisha kasoro ndogo na bila kujua akawatenga watumiaji wa Debian na leja ya dunia nzima. Ndiyo maana Julai 2013 baadhi ya watengenezaji wa Bitcoin walitoa barua ya wazi kuwasihi wasambazaji wa Linux, familia ya mifumo endeshi ambayo Debian ni mmojawapo, wasiipakie programu hiyo kwa kutumia maktaba za mfumo. Ni nadra mtengenezaji wa programu huria kuomba programu yake isisambazwe. Nadhani walikuwa sahihi wakati huo, na kwa upande wa nodi kamili, yaani programu inayopakua na kukagua leja yote, bado wana hoja.

Kizuizi cha pili ni mwendo. Debian ingekuwa na methali yake ingekuwa haraka haraka haina baraka. Toleo thabiti hutoka takriban kila miaka miwili, na baada ya hapo programu zake kwa kawaida hupewa marekebisho ya usalama na ya kasoro kubwa tu, si matoleo mapya. Kwa seva ya shule au ya zahanati siwezi kutamani zaidi. Lakini pochi inaishi kwenye mtandao usioisubiri. Kanuni za Taproot, sasisho la mtandao wa Bitcoin, zilipoanza kutumika Novemba 2021, pochi zilizoandikwa kabla ya muundo mpya wa anwani hazikuweza kutuma kwa anwani hizo. Huo ni usumbufu tu. Kilichotokea Desemba 2018 kilikuwa wizi: matapeli walifungua seva zao za Electrum, na kila mtumiaji aliyejaribu kutuma sarafu kupitia seva hizo akarudishiwa ujumbe wa kosa ukimwambia apakue toleo jipya kutoka kiungo fulani. Pochi za wakati huo zilionyesha ujumbe wa seva kama ulivyo, kiungo kikiwa kinabofyeka. Aliyekifuata alipakua pochi bandia. Tiba ilikuwa kuhamia toleo jipya la kweli, jambo ambalo ghala linalokwenda kwa miaka miwili halikuumbwa kulifanya upesi.

Wako wanaosema: kama ghala la zamani ni polepole, tufungue duka ambalo kila mwandishi anaweka programu yake mwenyewe. Canonical, kampuni ya Ubuntu, mfumo endeshi uliotokana na Debian, ilifanya hivyo kwa Snap Store. Mapema 2024 mtu alipakua humo pochi iliyojiita Exodus, akaingiza maneno yake ya kurejeshea pochi, na bitcoin zaidi ya 9 zikaondoka, thamani yake wakati huo ikiwa karibu dola 490,000. Pochi ilikuwa bandia. Machi mwaka huohuo Canonical ililazimika kuweka watu wa kukagua kwa mkono kila jina jipya linaloombwa kusajiliwa. Nimeona wapenzi wa Debian wakicheka tukio hilo. Sioni cha kucheka. Yule aliyeibiwa alifanya kile tunachowafundisha watu: alipakua kutoka duka rasmi la mfumo wake.

Ghala la polepole lina hatari yake na duka la wazi lina yake. Debian lakini imeshakutana na tatizo hili sehemu nyingine ikalitatua bila makelele. Kivinjari cha Firefox kwenye toleo thabiti hakibaki kilivyokuwa siku ya kutoka. Debian hufuata tawi la ESR, lile linalotunzwa kwa muda mrefu, na kuingiza matoleo yake mapya, kwa sababu kivinjari kilichozeeka ni mlango wazi. Programu ya kupambana na virusi ya ClamAV na jedwali la saa za kanda za dunia hupitia njia maalumu ya masasisho ya toleo thabiti, kwa kuwa hazina maana zikichelewa. Yaani Debian imeshakubali kwamba ziko programu ambazo uthabiti wake ni kuwa za leo. Pochi nyepesi ni ya ukoo huo. Electrum ingeingizwa kwenye kundi la Firefox, ikiwa na mtunzaji aliyejifunga kuifuatilia, na ikikosa mtunzaji iondolewe ghalani siku hiyohiyo badala ya kuachwa izeeke. Naona sehemu hiyo ya kuondoa ni muhimu kuliko ya kuingiza, na ndiyo itakayopigiwa kelele.

Kwa nodi kamili kama Bitcoin Core ningependa njia nyingine. Debian ina programu ndogo iitwayo torbrowser-launcher. Yenyewe si kivinjari cha Tor, kile kinachoficha mtumiaji ni nani. Kazi yake ni kwenda kukipakua kutoka kwa wenyewe, kuhakiki saini, kisha kukiweka. Hakuna sababu ya Bitcoin Core kukosa kitu cha namna hiyo. Watengenezaji wake hutoa orodha ya alama za mafaili pamoja na saini za watu kadhaa waliojenga programu kila mmoja kwenye mashine yake na kupata matokeo yaleyale. Ni ulinzi mzuri ajabu, na karibu hakuna mtu wa kawaida anayeutumia, kwa sababu unamtaka apate funguo za umma za watu hao, ajue zipi ni za kweli, aendeshe amri za GPG, chombo cha kuhakiki saini, na asome majibu yenye maonyo yanayotisha hata pale ambapo kila kitu ni salama. Debian inaweza kubeba funguo hizo ndani ya ghala lake na kumfanyia mtu uhakiki. Maktaba za mfumo hazitaguswa, wala leja haitakuwa hatarini. Ni kweli torbrowser-launcher yenyewe imewahi kukwama pale wenye kivinjari walipobadilisha mambo upande wao. Ikikwama hivyo haimletei mtu faili bandia, na kukwama kwa namna hiyo nakukubali.

Kuna na kazi ndogo kabisa ambayo sielewi kwa nini inaendelea kuwa kero. Pochi za kifaa, kama Trezor au Ledger, huunganishwa kwa USB. Kwenye Linux kifaa kisichotambuliwa huachwa mikononi mwa msimamizi wa mfumo peke yake, hivyo mtumiaji wa kawaida anachomeka na pochi haioni kitu. Dawa ni faili fupi la kanuni za udev, sehemu ya Linux inayosimamia vifaa, linalosema kifaa chenye namba fulani kiruhusiwe kwa mtu aliyeketi kwenye kompyuta. Asipokuwa nalo anaenda kutafuta mtandaoni, na huko anaambiwa abandike amri yenye sudo, neno linaloipa amri mamlaka ya msimamizi, kutoka ukurasa asioujua. Yaani mtu aliyenunua kifaa kwa ajili ya usalama anaanza kwa kumkabidhi mgeni mamlaka ya kompyuta nzima. Kukusanya kanuni hizo mahali pamoja na kuziweka kwenye mfumo kila inapotoka aina mpya hakuhitaji hata mstari mmoja wa programu ya pochi. (Najua, kifaa chenyewe madukani Kigoma hukikuti. Wenye navyo wameviagiza nje, na ndio hasa wasiotakiwa kufundishwa kubandika amri za watu.)

Chini zaidi kuna namba za nasibu, ambazo funguo za siri za pochi hutengenezwa kwazo, na hapa Debian ina historia isiyopendeza. Mwaka 2006 mtunzaji mmoja aliondoa mistari michache kwenye OpenSSL, maktaba ya usimbaji, iliyokuwa ikileta maonyo kwenye chombo cha ukaguzi. Hadi kasoro ilipotangazwa Mei 2008, funguo zilizotengenezwa kwenye Debian na mifumo iliyotokana nayo zilikuwa zikitoka kwenye uwezekano 32,768 tu kwa kila aina na ukubwa. Kompyuta ya kawaida inaweza kuzijaribu zote. Andiko la Satoshi Nakamoto lililoanzisha Bitcoin lilitoka Oktoba mwaka huohuo, kwa hiyo hakuna pochi iliyoumia. Agosti 2013 kasoro ya ukoo huo ilionekana kwenye Android, na safari hiyo bitcoin za watu ziliibwa kweli. Mabadiliko yoyote ambayo msambazaji anaongeza kwenye programu za usimbaji yanapaswa kupita mikononi mwa waandishi wa asili kwanza, na sidhani kuna la kujadili hapo.

Tofauti na wengi wanaolalamika kwamba kripto haijaipa programu huria chochote, mimi naona imeipa. Desturi ya kujenga programu kwa namna ambayo watu tofauti wanapata faili lilelile, herufi kwa herufi, ilishika mizizi kwenye Bitcoin tangu 2011 kwa chombo kiitwacho Gitian. Debian ilianza juhudi yake mwaka 2013. Toleo la 22.0 la Bitcoin Core, Septemba 2021, lilihamia Guix, mradi wa programu huria ulioanzishwa na Ludovic Courtès. Machi 2024, mhandisi Andres Freund alipogundua mlango wa siri ndani ya matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili, uliokuwa umeshafika kwenye matawi ya maendeleo ya Debian na kukosa kidogo kuingia kwenye thabiti, wengi walizidi kuona kwamba uhakiki wa aina hiyo unahitajika. Pande hizi mbili zina mengi ya kubadilishana kuliko zinavyokiri.

Tuje Kigoma, kwa sababu mipangilio ya awali ya programu hizi imeandikwa na watu wasiojua bando. Leja kamili ya Bitcoin sasa inazidi gigabaiti 600. Kwa mtu wa Mwanga au Ujiji anayenunua data kwa wiki, kuiwasha nodi bila kusoma maelekezo ni kuchoma fedha. Kuna hali ya kupunguza, iliyoingia na toleo la 0.11 mwaka 2015, ambayo hufuta bloku za zamani na kubakiza hata megabaiti 550 za bloku. Inaokoa diski lakini haiokoi bando, kwa kuwa historia yote lazima ipakuliwe na kukaguliwa mara moja. Tangu toleo la 28.0, Oktoba 2024, nodi inaweza kuanza na picha ya hali ya leja na kutumika mapema huku ukaguzi wa historia ukiendelea taratibu nyuma. Mambo yote haya yapo. Hayamfikii mtu kwa sababu yamefichwa kwenye faili la mipangilio.

Hapo ndipo mfumo endeshi una kazi yake halisi. Debian ina utaratibu wa kumuuliza mtu maswali wakati programu inawekwa. Swali moja lingetosha: una diski na data kiasi gani? Linux pia inaweza kuwekewa alama kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo, na baadhi ya programu hujizuia kupakua zinapoona alama hiyo. Nodi iliyowekwa na mfumo ingepaswa kuitii. Halafu kuna umeme. Nodi ikizimwa ghafla hifadhidata yake inaweza kuharibika na kulazimika kujengwa upya, na ikiwa ilikuwa kwenye hali ya kupunguza, bloku hazipo tena diskini, hivyo bando linaanza moja. Aliyezoea umeme kukatika angeandika mipangilio ya awali inayookoa kazi diskini mara kwa mara hata kama mwendo unapungua. Aliyeko Zürich hawezi kuliwaza hilo, wala simlaumu.

Nakubali kwamba wengi wenye kripto mjini hapa wanaziweka kwenye simu, tena mara nyingi ni USDT, sarafu inayofuata thamani ya dola. Kompyuta ni za wachache: mafundi, wanafunzi, vijana wanaofanya kazi za mtandaoni na kulipwa kutoka nje. Nyingi ni mitumba yenye Windows isiyo na leseni, iliyofunguliwa kwa programu ya kuvunja kufuli iliyotoka kusikojulikana. Programu hizo ni njia maarufu ya kusambaza virusi vinavyobadilisha anwani uliyonakili na kubandika ya mwizi. Ndiyo maana namshauri kijana wa namna hiyo ahamie Debian, na ndiyo maana inaniudhi kumhamisha kisha kumwambia pochi akaitafute mwenyewe.

Pingamizi linalobaki ni la maadili, na huku kwetu pia la sheria. Kwa nini wanaojitolea wasaidie jambo lililojaa upatu na utapeli? Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo la kupiga marufuku matumizi ya sarafu hizi. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka benki hiyohiyo ianze kujiandaa kwa ajili yake. Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Kitu kimoja kimekatazwa, kimeandaliwa na kimetozwa kodi ndani ya miaka mitano. Simshauri mtu anunue. Mfanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi anayetuma hela Mwanza ana M-Pesa, na inamfaa kuliko Bitcoin kwa kila kipimo ninachokijua. Anayeuziana na watu wa Kalemie au Uvira ng'ambo ya ziwa ana maswali magumu zaidi, na pochi kwenye Debian haitayajibu.

Lakini miongozo ya programu huria ya Debian, kifungu cha 6, inakataza leseni ya programu kubagua shughuli ambayo programu inatumika. Debian haimuulizi mtu kama seva yake ni ya msikiti, ya kanisa, ya baa au ya kubeti. Kuanza kuuliza kwenye kripto pekee kungekuwa kinyume cha roho ya kanuni hiyo, na kama nilivyoonyesha, hakungepunguza mtumiaji hata mmoja. Kungemhamisha tu kwenda kwa wenye matangazo.

Kinachokosekana zaidi ni mikono. Watunzaji wa programu hizi ndani ya Debian ni wachache na wanajitolea, na makampuni ya kripto yaliyotajirika juu ya Linux hayajapanga foleni kuwalipa. Kanuni za udev na kipakuzi chenye uhakiki vinaweza kuandikwa na fundi yeyote anayejua Python na mwenye subira ya kujibiwa polepole. Maonyo ya Kiswahili ndani ya kipakuzi hicho, yanayomweleza mtu kwa nini asimtajie yeyote maneno yake 12 ya kurejeshea pochi, yanaweza kuandikwa hapahapa Kigoma na mtu asiyejua kuandika programu kabisa. Debian 13 ilitoka Agosti 2025, na milango ya mabadiliko ilikuwa imeanza kufungwa tangu Machi. Mwendo ukibaki huohuo, kitakachotaka kuwamo kwenye Debian 14 kinapaswa kuwa kimefika Sid, kikiwa na mtunzaji anayejulikana kwa jina, kabla 2027 haijaanza.